Kuhesabu Mafungu ya Vitu Vinavyofanana Penye Kikomo

Mwalimu akiwaambia wanafunzi wa Darasa la Tano wachague viranja wawili miongoni mwa wenzao watano, kisha akawaambia wachague punje mbili za maharage kutoka katika punje tano za aina moja, amewapa maswali mawili yanayofanana kwa sura lakini yanayoachana kabisa kwa jibu. Viranja wawili waweza kupatikana kwa njia 10, kwa kuwa kila mwanafunzi ana jina lake na uso wake, na kumchagua huyu si sawa na kumchagua yule. Punje mbili za maharage hupatikana kwa njia 1 tu. Ukichukua hizi au ukichukua zile, mkononi mwako mna punje mbili za maharage, basi.

Tofauti hiyo ni nyepesi kuitamka, lakini ndiyo inayowapoteza wengi. Tunawafundisha watoto kuhesabu vitu tangu siku ya kwanza ya shule, ila ni nadra kuwafundisha kuhesabu njia. Makala haya yanahusu aina moja ya hesabu za njia: pale ambapo vitu vya aina moja vinafanana, aina zenyewe ni zaidi ya moja, na kila aina ina kikomo, yaani haipatikani bila mwisho. Hesabu ya namna hii haihitaji kifaa cha kununua wala kanuni ya kukariri. Yahitaji utaratibu, na utaratibu ni jambo ambalo mwalimu wa shule ya msingi aweza kulifundisha vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Aliyepata kucheza bao atalielewa wazo hili upesi. Katika bao la Kiswahili kete ni 64, na kila mchezaji huanza na 32: sita huwekwa katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki mkononi kungoja kuingizwa. Mchezaji hodari haulizi ni kete ipi iliyomo katika shimo fulani. Huuliza zimo ngapi. Kete yoyote yaweza kukaa mahali pa nyingine na mchezo usibadilike hata kidogo. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba vitu vinafanana.

Sasa twende sokoni. Huku kwetu, kuanzia Tosamaganga na Kalenga hadi Iringa mjini, na vivyo hivyo ukiifuata barabara kuu hadi Mbeya, matunda na mboga huuzwa kwa fungu. Neno hili "fungu" lina faida kubwa kwa mwalimu, maana mtoto analifahamu kabla hajaja shuleni. Basi swali letu liwe hili:

Mama muuza matunda ana maparachichi 4, machungwa 3 na mapera 2. Anataka kupanga fungu moja la matunda 5. Fungu hilo laweza kupangwa kwa namna ngapi zilizo tofauti?

Kabla ya kuanza kuhesabu, mwalimu atarajie pingamizi. Mtoto aliyekulia sokoni atasema, "Mwalimu, maparachichi hayafanani. Jingine limeiva, jingine bado gumu." Mtoto huyo asinyamazishwe. Amesema kweli, tena amegusa kiini cha somo. Kufanana katika hesabu ni makubaliano: tumekubaliana kwamba kwa swali hili tutaangalia aina ya tunda tu, wala si ukubwa wala kuiva kwake. Tungekubaliana vingine, swali lingekuwa jingine na jibu lingekuwa jingine. Mwalimu amjibu, "Vema. Leo tuchukulie kwamba maparachichi yote yameiva sawasawa," na darasa zima litakuwa limejifunza kwamba swali la hesabu huwa na masharti, na masharti hayo husomwa kabla ya kushika kalamu.

Vifaa havina gharama. Punje za maharage zisimame mahali pa maparachichi, punje za mahindi mahali pa machungwa, na vizibo vya soda mahali pa mapera. Vijiwe navyo vyafaa. Hapa Tosamaganga hatuna uhaba wa mawe, kwani jina lenyewe limebeba neno maganga, ambalo kwa Kihehe ni mawe, neno lile lile lililomo katika Gangilonga, mwamba maarufu wa Iringa mjini. Kila kikundi kipewe maharage 4, mahindi 3 na vizibo 2, wala kisiongezewe hata kimoja. Hilo ni la lazima. Kikomo kikiwa ndani ya vifaa vyenyewe, mikono ya watoto itakiheshimu hata kabla ya akili zao kukitambua.

Waache kwanza wapange wapendavyo kwa dakika kama kumi, na kila fungu waliandike katika daftari. Utakayoyaona yatafanana katika kila darasa. Kikundi kimoja kitaleta mafungu manane, kingine tisa, kingine kumi na matatu. Waliopata nane wamesahau baadhi. Waliopata kumi na matatu wameandika fungu moja mara mbili, kwa mfano "maparachichi 3 na machungwa 2" juu ya ukurasa, na "machungwa 2 na maparachichi 3" chini yake. Usitangaze jibu. Uliza tu: "Tutajuaje kwamba hatukusahau, na tutajuaje kwamba hatukurudia?" Swali hili ndilo somo lenyewe, na mwalimu asiyeliuliza atakuwa amefundisha mchezo wa kupanga punje tu.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuanza na aina yenye kikomo kidogo kuliko zote. Hapa ni mapera. Mapera katika fungu yaweza kuwa 0, 1 au 2, hakuna zaidi. Kwa hiyo kazi yote inagawanyika katika sehemu tatu tu. Tungeanza na maparachichi ingegawanyika katika sehemu tano. Jibu lingekuwa lile lile, lakini nafasi za kuteleza zingekuwa nyingi zaidi. Ndani ya kila sehemu, maparachichi yaanze kwa wingi unaowezekana, kisha yapungue moja moja. Ubaoni iandikwe hivi, namba ya kwanza ikiwa ya maparachichi na ya pili ya machungwa:

Mapera 0: 4 na 1, 3 na 2, 2 na 3. Mafungu 3.
Mapera 1: 4 na 0, 3 na 1, 2 na 2, 1 na 3. Mafungu 4.
Mapera 2: 3 na 0, 2 na 1, 1 na 2, 0 na 3. Mafungu 4.

Jumla ni mafungu 11.

Usipite haraka kwenye mstari wa kwanza. Uliza kwa nini hapakuandikwa 5 na 0. Watajibu kwamba maparachichi ni manne tu. Uliza kwa nini mstari umekomea 2 na 3, usiendelee hadi 1 na 4. Watajibu kwamba machungwa ni matatu. Kwa hiyo mstari huo umekatwa pande zote mbili, na kila upande umekatwa na kikomo tofauti. Mtoto akiweza kueleza kwa kinywa chake kila mahali mstari ulipokatwa, ameelewa. Asipoweza, hata kama ameandika 11, bado hajaelewa, na pengine amechungulia kwa jirani.

Hapa ndipo lilipo jambo linalonisukuma kuandika. Mwanachuo aliyepita sekondari aweza kukumbuka kanuni moja ya kuchagua vitu vinavyofanana, na kanuni hiyo itampa jibu 21. Ni kanuni sahihi, ila ni ya soko lisilo na kikomo, mahali ambapo kila aina ya tunda inapatikana kadiri ya haja. Tuione inavyotokea kwa njia nyepesi. Kama hakuna kikomo na mapera ni 0, matunda 5 yaliyobaki yagawanywe kati ya aina mbili: njia 6, kuanzia 5 na 0 hadi 0 na 5. Mapera yakiwa 1, njia ni 5. Yakiwa 2, njia ni 4. Tukiendelea hivyo hadi mapera 5, tunapata 6 + 5 + 4 + 3 + 2 + 1 = 21. Basi mwalimu aliyeandika 21 katika andalio lake la somo atakutana na mtoto aliyeandika 11 baada ya kupanga punje zake kwa uangalifu, naye atamwekea alama ya kukosa. Mtoto atayatazama maharage yaliyo mbele yake, aione ile alama nyekundu, na ataamua kwamba hesabu ya shuleni haihusiani na vitu anavyovishika. Uamuzi huo akiufanya akiwa na miaka kumi na mmoja, ni vigumu mno kuubatilisha baadaye. Kosa la mwalimu hapo si la kujumlisha. Hakuuliza, "Je, yule mama ana mapera matano?"

Kuorodhesha kunafaa mafungu yakiwa machache. Yakizidi ishirini au thelathini, orodha huchosha, na mchovu hukosea. Hapo tunahitaji jedwali, na jedwali hujengwa kwa kuongeza aina moja moja ya matunda.

Anza na maparachichi peke yake. Fungu la matunda 0 lapatikana kwa njia 1 (kutochukua kitu), la tunda 1 kwa njia 1, na kadhalika hadi 4. Kuanzia 5 hakuna njia. Kisha ongeza machungwa. Kupata fungu la matunda 3 kwa aina hizi mbili, machungwa yaweza kuwa 0, 1, 2 au 3, na maparachichi hujaza pengo: njia 4. Ukifanya hivyo kwa kila ukubwa wa fungu, kuanzia 0 hadi 7, utapata mstari huu:

1, 2, 3, 4, 4, 3, 2, 1

Mwisho ongeza mapera. Kwa kuwa mapera ni 0, 1 au 2, kila namba ya mstari mpya ni jumla ya namba tatu zinazofuatana za mstari wa juu: ile iliyo mahali pale pale, iliyo nyuma yake, na iliyo nyuma zaidi. Kwa fungu la matunda 5, chukua namba za mahali pa 5, pa 4 na pa 3, yaani 3 + 4 + 4 = 11. Hizo ni namba zile zile za orodha yetu, sehemu kwa sehemu. Waonyeshe wanafunzi kwamba jedwali halikuleta uchawi wowote. Limeifupisha orodha tu. Mstari kamili, kuanzia fungu la matunda 0 hadi la matunda 9, ni huu:

1, 3, 6, 9, 11, 11, 9, 6, 3, 1

Mstari huu una mambo mawili ya kupendeza, na yote mawili ni njia za kusahihisha kazi bila kumwita mwalimu. La kwanza, ukijumlisha namba zote unapata 60. Na 60 ni 5 × 4 × 3, kwa sababu maparachichi yana hali tano (0 hadi 4), machungwa hali nne na mapera hali tatu. Jumla isipokuwa 60, pana kosa mahali fulani. La pili, mstari unasomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia. Sababu yake mtoto aweza kuigundua mwenyewe akiulizwa vizuri: kila mara mama anapochagua matunda 5 ya kuweka katika fungu, amechagua pia matunda 4 ya kubaki kwenye kapu. Mafungu ya 5 ni mengi sawa na mafungu ya 4. Ningependelea mwalimu atumie robo saa nzima kwa swali hili la "yaliyobaki", hata kama sehemu nyingine ya somo itaahirishwa hadi kesho.

Wazo la kujenga hesabu kubwa kwa kuongeza aina moja moja ni la zamani, na lina historia katika bara letu. Ahmad Ibn Mun'im, mwanahisabati aliyefanya kazi Marrakesh, nchini Moroko, na kufariki mwaka 1228, alihesabu ni shada ngapi za hariri ziwezazo kutengenezwa kutokana na rangi 10. Alishika rangi moja, akahesabu zile zinazoweza kutangulia, akajumlisha, na hatua kwa hatua akajenga jedwali la namba. Swali lake lilikuwa tofauti kidogo na letu, kwani rangi haikurudiwa katika shada, lakini njia ya kufikiri ni ndugu wa njia hii. Karne nyingi baadaye Leonhard Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748, aliligeuza wazo la namna hii kuwa kuzidisha kwa mafungu ya aljebra. Mwanachuo anayependa aljebra aweza kujaribu: kuzidisha mabano matatu yenye vipeo vya 0 hadi 4, vya 0 hadi 3 na vya 0 hadi 2 kutampa mstari wetu ule ule.

Ipo njia ya tatu, ya kutoa. Hii si ya Darasa la Tano. Ni ya mwalimu mwenyewe, ili aweze kuyahakiki majibu yake kabla ya kuingia darasani. Tuhesabu kana kwamba hakuna kikomo, kisha tutoe mafungu yaliyovunja sharti. Kwa matunda 5, bila kikomo tulipata 21. Mafungu yenye mapera 3 au zaidi yamevunja sharti. Weka pembeni mapera 3; yamebaki matunda 2 ya kuchagua kwa uhuru, yaani 3 + 2 + 1 = 6. Mafungu yenye machungwa 4 au zaidi: limebaki tunda 1, njia 3. Yenye maparachichi 5: njia 1. Tumetoa 6 + 3 + 1 = 10, na 21 kutoa 10 ni 11.

Lakini jaribu fungu la matunda 7. Bila kikomo ni 8 + 7 + 6 + 5 + 4 + 3 + 2 + 1 = 36. Yaliyovunja kikomo cha mapera ni 15, cha machungwa ni 10, cha maparachichi ni 6. Jumla ni 31, na 36 kutoa 31 ni 5. Jedwali letu lasema 6. Nani mkweli?

Jedwali ndilo kweli, na ni rahisi kulithibitisha: fungu la matunda 7 huacha matunda 2 kwenye kapu, na mawili hayo yaweza kuwa ya aina moja kwa njia 3, au ya aina mbili kwa njia 3. Kilichotokea ni kwamba fungu lenye machungwa 4 na mapera 3 limevunja vikomo viwili kwa pamoja. Tulilitoa tulipohesabu machungwa, tukalitoa tena tulipohesabu mapera. Kitu kilichokuwapo mara moja kimetolewa mara mbili, basi sharti kirudishwe mara moja: 5 + 1 = 6. Katika fungu la matunda 5 jambo hili halikutokea kwa sababu 4 na 3 ni 7, nayo haitoshei katika 5. Kila utumiapo njia ya kutoa, jumlisha kwanza vile viwango vya uvunjaji viwili viwili, na uangalie kama vinaingia katika ukubwa wa fungu. Tabia hii ndogo itakuokoa na aibu nyingi za ubaoni.

Somo hili lina ndugu yake katika fedha, na huko watoto hufika wenyewe. Sarafu zetu za sasa ni za shilingi 50, 100, 200 na 500, hii ya mwisho ikiwa imeanza kutumika mwaka 2014. Mtoto ametumwa dukani akiwa na sarafu 1 ya 500, sarafu 3 za 200 na sarafu 4 za 100. Anatakiwa kulipa shilingi 800. Aweza kulipa kwa njia ngapi? Sarafu za thamani moja zinafanana, na kila aina ina kikomo, ila safari hii hatutazami idadi ya sarafu bali thamani yake. Utaratibu ni ule ule: anza na ile yenye kikomo kidogo. Akitoa ile ya 500, zimebaki 300: sarafu 1 ya 200 na 1 ya 100, au 3 za 100. Asipoitoa: sarafu 3 za 200 na 2 za 100, au 2 za 200 na 4 za 100. Njia ni 4. Kama mfukoni pangekuwa na sarafu tele za kila aina, njia zingekuwa 7. Tatu zilizokosekana ni ile ya sarafu 4 za 200, ile ya 1 ya 200 na 6 za 100, na ile ya 8 za 100.

Swali la "yaliyobaki" linafanya kazi hapa pia. Mtoto ana shilingi 1,500 kwa jumla, hivyo akilipa 800 hubakiwa na 700. Waambie wahesabu njia za kulipa 700 kwa sarafu zile zile. Wakipata tofauti na 4, warudi kutafuta kosa lao wenyewe kwa wenyewe, nawe ukae kimya nyuma ya darasa.

Neno moja kuhusu kutunga maswali ya jaribio. Vikomo viwe vidogo, visizidi 4, na aina zisizidi tatu, ili jibu lisifike ishirini. Angalau kikomo kimoja kiwe kidogo kuliko ukubwa wa fungu, la sivyo kikomo hakitafanya kazi yoyote na mtoto asiyekitazama atapata alama sawa na aliyekitazama. Wakati wa kusahihisha, toa alama kwa orodha, si kwa jibu peke yake: mwanafunzi aliyeorodhesha kwa mpangilio na kusahau fungu moja kati ya 11 anastahili alama nyingi kuliko yule aliyeandika 11 bila kuonyesha lolote. Na kabla ya kuandika swali ubaoni, hesabu majibu yako kwa njia mbili, orodha na jedwali, ukiwa na punje zako mezani.